Siri ya Biashara ni Amana

Tajiri wa kamba na kaa huko Nyamisati, wilayani Kibiti, mahali ambapo vyombo vya delta ya Rufiji na vya Mafia hutia nanga, aghalabu hana rasilmali iliyo azizi kuliko daftari lake, ambamo ameandika majina ya wanunuzi wake wa Dar es Salaam, kiasi anachohitaji kila mmoja, bei waliyopatana, na nani hulipa kwa wakati. Karani wake akilinakili kwa siri, kisha akaacha kazi na kuwaendea wanunuzi wale wale, je, sheria ina la kusema?

Tanzania haijatunga sheria mahususi ya siri za biashara. Hata hivyo, haki haikukosa pa kusimama, maana Sura ya 358 ya sheria zetu inaziruhusu mahakama kutumia, kwa kadiri hali ya nchi inavyokubali, kanuni za mapokeo na za insafu zilizokuwa zikifuatwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1895, katika shauri la Robb dhidi ya Green, Mahakama ya Rufani ya huko ilimlaumu msimamizi wa biashara ya ndege wa kuwindwa na mayai yao, ambaye alinakili majina ya wateja kitabuni mwa mwajiri wake ili baadaye awavute kwake. Ikaamua kwamba uaminifu umo katika mkataba wa kazi hata usipotajwa.

Walakini mtumishi naye ana haki yake. Katika miaka ya 1980, katika shauri la Faccenda Chicken, mahakama hiyo hiyo ilikataa madai dhidi ya meneja aliyeondoka na kuuza kuku kwa magari kama alivyokuwa akifanya, kwa kuwa njia, wateja na bei alivijua kwa kufanya kazi tu. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wetu, lakini hekima yake ni bayana: ustadi wa mtu ni mali yake.

Basi anayedai sharti athibitishe mambo matatu: kwamba habari ile ilikuwa siri kweli, kwamba ilitolewa kwa kuaminiana, na kwamba imetumiwa pasipo idhini, ndipo aombe zuio na fidia.

Kwa hiyo, enyi wafanyabiashara wa Kibiti, andikeni sharti la siri katika mkataba wa kila karani, lifungieni daftari kabatini, na mlionyeshe kwa wanaohusika tu, kwani mahakama humsaidia aliyeitunza siri yake mwenyewe kwanza.