Upweke wa mgonjwa wa saratani siku za korona

Ijumaa ya leo tunawarudisha nyuma hadi mwaka 2020, kwa jambo ambalo familia nyingi za Njombe na Makambako hazijalizungumza.

Machi 16 mwaka huo Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Misikiti haikufungwa, lakini milango ya nyumba zenye wagonjwa ilifungwa. Kwa wenye saratani hofu ilikuwa na msingi, kwani tibakemia hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni kinga ya mwili. Kumkinga mgonjwa halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumwacha peke yake na mawazo.

Mama mmoja wa Makambako, mwenye saratani ya shingo ya kizazi, alikuwa amekwishapata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na alitakiwa kurejea kuangaliwa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600, kutwa nzima ndani ya basi, bega kwa bega na watu asiowajua. Asipokwenda, saratani haimngoji; akienda, huenda akarudi na korona, au asirudi kabisa. Hesabu hiyo aliipiga kila usiku, katika baridi ya Juni, wanawe wakidhani amelala.

Sisi tulimpigia simu kutoka Njombe, tukamkumbusha fadhila za subira. Akajibu, "Inshallah, sheikh," tukaagana. Tuliridhika kwamba tumetimiza wajibu. Siku chache baadaye binti yake alitueleza kuwa baada ya simu ile mama alilia sana, akijiona hana imani kwa kuwa anaogopa. Na maneno yaliyomliza ni yetu!

Tulisahau kisa tunachokidarasisha miaka yote. Nabii Yaqub (A.S) alimlilia mwanawe hadi macho yakaingia weupe, naye ndiye mfano wetu wa subira njema. Nabii Ayyub (A.S) naye alimtajia Mola wake dhara lililompata. Subira si kunyamaza.

Tukateremka Makambako, mwendo wa kilomita takriban 60. Kumzuru mgonjwa ni haki yake, na Mtume (S.A.W) aliyetufunza hilo ndiye aliyekataza kuingia mji wenye tauni, basi tulivaa barakoa, tukaketi uani, naye mlangoni karibu na jiko la mkaa. Safari hii tuliuliza tu: unaogopa nini?

Hakuanza na kifo. Alianza na nauli ya kijana wa kumsindikiza. Kisha, akifia Dar es Salaam, mwili utarudishwaje? Mwisho, kwa sauti ya chini, akamtaja mumewe, ambaye tangu arejee kwenye mionzi alikuwa amehamia chumba kingine kwa kudhani atadhurika. Tukaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi ndani, kwamba mionzi ile ikishamalizika haibaki mwilini, na saratani haiambukizwi kwa kulala chumba kimoja.

Mumewe akatoka na kiti, akakiweka kando ya jiko. Nauli ya kijana ilichangwa Ijumaa iliyofuata, na mwezi Julai wakasafiri.