Mkojo mweusi si malaria kila mara

Kwetu Kabongo, nchini Kongo, ni eneo la malaria, kwa hiyo mgonjwa akikojoa mkojo mweusi kama chai nzito, wazo la kwanza huwa malaria. Lakini akiwa amefukiwa na ukuta, amepigwa vibaya, ameungua kwa umeme au amelala saa nyingi bila fahamu, tushuku kuvunjika kwa misuli.

Msuli ukifa humwaga sumu kwenye damu. Mayoglobini, protini ya misuli, huharibu mirija ya figo, nayo potasiamu inaweza kusimamisha moyo hata kabla figo hazijashindwa. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall walieleza hali ya wakazi wa London waliotolewa hai chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu, kisha wakafa kwa kushindwa kwa figo baada ya siku chache. Hata kwetu watu wanaweza kubanwa hivyo, kwenye reli yetu: Aprili 2014 treni ya mizigo iliyopakia watu ilianguka Katongola, upande wa Kamina, makumi wakafa.

Maabara kubwa hupima kimeng'enya cha CK. Kikizidi mara 5 ya kawaida, jibu limepatikana. Kituo cha afya kisicho na kipimo hicho kina njia nyingine. Kijiti cha mkojo kikionyesha damu, tazama mkojo kwa darubini. Ukiona chembe nyekundu, tafuta kichocho au jeraha. Usipoziona, acha damu ya mgonjwa itulie kwenye chupa: maji ya juu yakiwa mekundu, damu inavunjika mishipani, kama katika malaria kali; yakiwa manjano ya kawaida, shaka iende kwenye misuli.

Tiba ni serumu ya chumvi ya asilimia 0,9, mapema na kwa wingi, hadi mtu mzima akojoe mililita 200 hadi 300 kwa saa. Serumu ya Ringer ina potasiamu, iepukwe. Diclofenac, ibuprofen na gentamicin huumiza figo zaidi. Asipokojoa, punguza serumu, la sivyo mapafu yatajaa maji. Moyo ukienda ovyo, kalisi glukonati huukinga. Insulini pamoja na glukosi hushusha potasiamu.

Figo zikigoma, itabaki mashine ya kusafisha damu, na Lubumbashi ni mbali. Kwa hiyo aliyebanwa saa nyingi atundikiwe serumu kabla mzigo haujainuliwa, kwa sababu sumu humwagika mwilini mara tu mguu unapoachiwa.