Kitoweo ni Kisingizio

Mwulize mzee mstaafu wa Tanga anayeteremka ufukweni Raskazone alfajiri, ndoo mkononi na kofia ya ukindu kichwani, anakwenda wapi. Atakujibu bila kusita: kutafuta kitoweo. Ni jibu la heshima, hakuna wa kulihoji, na mara nyingi si la kweli. Kitoweo kipo soko la samaki la Deep Sea, kimepangwa juu ya meza, na wakaangaji wapo pembeni na makarai yao. Ukijumlisha bodaboda, kodi ya ngalawa, ngisi wa chambo, ndoana zitakazobaki mwambani na siku nzima ya jua, kila changu anayeingia kwenye ile ndoo amekwisha kumgharimu kuliko wa mnadani. Mzee huyo alikuwa karani maisha yake yote. Hesabu hiyo anaijua kuliko mimi na wewe. Anakwenda kwa sababu maji yakiwa mazuri nyumba humshinda kukaa.

Watu wa mwambao tuna haya fulani katika jambo hili. Mtu akipenda mpira, bao, taarabu, hata mchezo wa ng'ombe kule Pemba, tunamwelewa. Lakini kuvua kwa raha tunakuhesabu kuwa mambo ya watalii, wenye boti za injini mbili na viti vya kujifunga mikanda. Kwetu uvuvi ni kazi ya jasho, na anayeifanya bila kulazimika anaonekana ana kasoro. Ndiyo maana mwalimu, seremala, hata shehe wa mtaa, wote wanatafuta kitoweo.

Wageni nao ugonjwa wao ni huu huu, wao tu hawauonei haya. Mwaka 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, baada ya kuwinda bara, aliteremka pwani ya Kenya kuvua samaki wakubwa wa bahari kuu, na tangu hapo Malindi na Watamu hazijakosa watu wa namna yake. Wanawafuata sulisuli na nduwaro kwa fimbo za kuvulia na rili, wanapigana na samaki mmoja mpaka mikono inatetemeka, kisha wengi wao humfunga kijibati chenye namba na kumwachia aende zake. Shirika la African Billfish Foundation la Watamu limekuwa likisimamia shughuli hiyo tangu 1990, na taarifa za samaki hao zimewasaidia wataalamu kujua wanasafiri vipi. Mabaharia wa kwetu wanaofanya kazi kwenye boti hizo wamezoea, ila mwanzoni wengi waliona ni wazimu: samaki wa kilo 100 anarudishwa baharini na watu wamekubali kulala na wali mkavu.

Kinachonifurahisha ni kwamba Hemingway, tajiri huyo wa boti na fimbo, alipokaa kuandika hadithi yake kubwa ya uvuvi, Mzee na Bahari, iliyotoka mwaka 1952, hakumpa mzee wake fimbo. Alimpa mshipi wa mkononi. Nadhani alijua kwamba hapo ndipo penye habari.

Mshipi wenyewe ni kitu kidogo. Nailoni ya dukani, imekunjwa kwenye kipande cha ubao au chupa tupu ya plastiki. Mwishoni ndoana, na karibu yake kipande cha risasi, chubwi, ambacho wengi wetu tulikuwa tukikiyeyusha wenyewe kutoka betri chakavu za gari, jambo ambalo simshauri mtu mwenye watoto nyumbani, maana moshi wake ni sumu. Kabla ya nailoni kuenea wazee walitumia nyuzi za pamba na kuzichovya kwenye maji ya magome ya mkoko zisioze. Hakuna kinachopinda wala kuzunguka kukusaidia. Kati yako na samaki aliye pima 15 chini pana kidole cha shahada, basi, na wenye busara hukivisha kipande cha mpira wa baiskeli kisichanwe.

Kidole hicho hujifunza kusoma. Tasi hudokoa, anamaliza chambo na kuondoka. Humpati bila ndoana ndogo na mkono mwepesi, na ukimpata usimshike ovyo, miba yake ina sumu itakayokukeshesha. Changu hugonga mara mbili, halafu huvuta kwenda chini huku akitikisa kichwa, na mtikiso ule unapanda mshipi mpaka kwenye kiwiko, kiasi kwamba aliyezoea humtaja kabla hajamwona. Chewa hana mbwembwe. Anameza, anageuka, anarudi pangoni. Ukizubaa kidogo tu amekwisha kutanua mashavu ndani ya jiwe na mshipi wako umekuwa mali ya mwamba. Hapo dawa ni kuulegeza kabisa, uwashe sigara kama unavuta, usubiri ajisahau atoke. Wengine hutoka. Nguru yeye hana haja na mshipi uliotulia: anataka kurambazwa, chambo kikokotwe nyuma ya chombo kinachokwenda, na mbele ya ndoana pawe na waya, kwa kuwa nailoni mbele ya meno yake haifiki popote. Na pono, yule tunayemsingizia usingizi, kwa mshipi karibu hutampata kamwe. Chakula chake ni mwani anaoukwangua kwenye matumbawe kwa mdomo wake mgumu, ngisi wako hamshughulishi. Huyo ni wa dema na nyavu.

Halafu yako maji. Mtu wa mshipi huishi kwa kalenda ya mwezi kuliko ya ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: hapa Tanga maji hupanda na kushuka karibu mita 4, mkondo unakimbia, chubwi haikai chini na mshipi unalala upande. Siku hizo ni za akina mama wa pweza na za waokotaji wa mwambani. Mwezi ukifika siku ya saba au ya nane maji hupoa, yanakuwa mafu, na hapo ndipo wastaafu huanza kusahau miadi ya hospitali. Upepo nao una kauli yake. Kusi likishika mwezi Juni, ngalawa ndogo hazina ubavu wa kutoka nje ya visiwa. Kaskazi la Desemba hadi Machi lina siku zake nzuri, na katikati ya misimu, wakati wa maleleji, bahari hutulia mpaka unaona mwamba chini ukiinama.

Mwamba wenyewe lazima uufikie. Siku hizi vijana wana simu zinazowaonyesha nukta ilipo, lakini mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenipa mshipi wa kwanza, bado anatumia alama za nchi kavu. Anaangalia mnara wa msikiti uingie nyuma ya mnazi fulani, na upande wa pili kichwa cha kisiwa kigusane na kilima cha mbali. Mistari miwili ikikutana, anasema "tupa," na nanga inatua juu ya jiwe lisilozidi ukubwa wa sebule. Mnazi ule ulipoangushwa na upepo alinuna msimu mzima.

Pale pale, nje ya kisiwa cha Karange, ndipo nilipokutana na kolekole ninayemkumbuka kuliko samaki wote. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, maji mafu, asubuhi isiyo na lolote. Tulikuwa na changu wachache wa kiganja na kikande mmoja aliyetutazama kwa dharau. Nikashusha kibua mzima, hai, kwa mshipi mnene, zaidi kwa kuchoka kuliko kwa matumaini. Mshipi ukasimama.

"Umeshika mwamba," nikasema peke yangu.

"Mjomba," akasema mzee nyuma yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye ngisi aliyekuwa akimkatakata, "mwamba hautembei."

Ulikuwa unatembea. Kwanza taratibu, halafu kwa ghafla, na nailoni ikaanza kupita katikati ya vidole vyangu kwa mlio ambao sijausikia mahali pengine. Kolekole ana mwili bapa na mkia wa panda, na akikupa ubavu maji yote yanakuwa upande wake. Ngalawa ikaanza kugeuka juu ya nanga.

"Mpe. Mpe tu. Usishindane naye."

"Mjomba, mshipi unakwisha!"

"Ukikwisha utajua umekwisha. Mpe."

Akasimama pale akaja kukaa karibu yangu, lakini mkono wake hakuuleta. Sasa ninavyofikiri, hilo ndilo lililonifanya niwe mtu wa mshipi: angeweza kunipokea na hakunipokea. Samaki alichukua karibu mshipi wote, akasimama, nikavuta pima mbili, akachukua tatu, nikavuta nne. Tuliendelea hivyo mpaka jua likahamia upande mwingine wa tanga. Alipofika juu alilala ubavu, fedha tupu, jicho kubwa likituangalia, na mzee akamwingiza kulabu chini ya shavu kwa utaratibu kabisa. Vidole vyangu vilikuwa vimechanwa hata sikuweza kushika kijiko siku ile. Mke wa mjomba alimpika kwa nazi, akalisha nyumba nzima na jirani wawili, na hakuna aliyeuliza tulivyompata. Kilikuwa kitoweo.

Samaki mashuhuri kuliko wote aliyewahi kupanda mshipi katika bahari yetu alipanda Nzwani, visiwani Komoro, mwezi Desemba wa mwaka ule ule wa 1952. Wataalamu walikuwa wakimsaka kwa miaka 14. Mwaka 1938 meli ya nyavu huko Afrika Kusini ilileta samaki wa ajabu, na bibi wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamtambua kuwa si wa kawaida, Profesa J. L. B. Smith akathibitisha kwamba ni silikanti, jamaa wa samaki ambao dunia ilidhani walikwisha tangu enzi za dinosaria. Smith akasambaza vipeperushi pwani yote vyenye picha na ahadi ya pauni 100 kwa atakayeleta wa pili. Mvuvi Ahmadi Abdallah, usiku, ndani ya ngalawa yake, akamvuta kwa mshipi. Samaki alikuwa karibu kukatwakatwa sokoni pale mwalimu mmoja alipokumbuka kipeperushi, na wakambeba kuvuka milima hadi ng'ambo ya kisiwa kwa nahodha Eric Hunt. Smith alikuja kumchukua kwa ndege ya kijeshi aliyoipata kwa idhini ya waziri mkuu wa nchi yake.

Wakomoro walishangazwa na zogo hilo. Wao walikuwa na jina lake zamani, gombessa, na walijua kwamba nyama yake ina mafuta mengi na haifai sana kuliwa. Alikuwa akija mara moja moja kwenye mishipi ya usiku iliyoshushwa mamia ya mita kutafuta samaki mwingine. Jaribu kuwazia kazi hiyo: giza, mtu mmoja ndani ya gogo lililochongwa, akisikiliza kwa kidole jambo linalotokea chini kuliko urefu wa jengo lolote la Tanga.

Sisi silikanti wetu walitufikia kwa njia nyingine. Wa kwanza kuripotiwa Tanzania alitoka Kilwa mwaka 2003, kisha wakaanza kupatikana Tanga, hasa upande wa Kigombe, wengi kwenye majarife ya papa yaliyotegwa maji ya kina. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Jarife halichagui wala halijui lilichokamata mpaka asubuhi. Sisemi wavuvi wa jarife ni watu wabaya, wana watoto wa kulisha, na mimi nina pensheni. Ila tofauti ipo. Baruti sitaizungumza kwa kirefu: imepigwa marufuku miaka mingi, imevunja miamba ambayo mjomba alikuwa akiifikia kwa alama zake, na kila mkazi wa hapa wa rika langu anaujua mlio wake.

Ninachobishana na wenzangu wa ngalawa siku hizi ni chewa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Kwa hiyo ukiwamaliza wakubwa kwenye jiwe moja, umewamaliza madume wa jiwe lile. Mimi nimekuwa nikisema, kama wanavyosema wa Watamu, tumrudishe yule mkubwa. Lakini si rahisi hivyo. Samaki aliyevutwa kutoka kina kirefu hufika juu kibofu chake cha hewa kimefura, tumbo limesukumwa mpaka mdomoni. Ukimwachia anaelea, hawezi kuzama, na ndege wanamjia. Kumrudisha huyo ni kumtupa. Basi tumeafikiana nusu nusu: tukitia nanga maji mafupi, chewa mkubwa anakatwa mshipi pale pale majini, tukiwa maji marefu, akija tunamla, na tukishampata mmoja tunahama jiwe.

Mjomba alisikiliza maelezo yangu yote ya majike na madume kwa adabu, akikunja mshipi wake.

"Kwa hiyo yule mkubwa wa juzi alikuwa dume?"

"Inawezekana sana, mjomba."

"Na mwaka juzi alikuwa jike?"

"Pengine."

Akatafakari kidogo, akatupia ngisi mwingine ndoanani.

"Hilo usiwaambie Deep Sea. Watapandisha bei."