Kipepeo na Jani Lake

Kipepeo jike hatagi mayai yake popote. Hutua juu ya jani, hulipigapiga kwa miguu ya mbele yenye uwezo wa kuonja, na akiridhika kuwa ndilo hasa, hutaga. Akikosea, kiwavi atakayeanguliwa atakufa njaa katikati ya majani mabichi, kwa kuwa viwavi wa spishi nyingi hula mimea ya aina chache tu, pengine moja. Mmea huo ukitoweka, kipepeo naye hutoweka mahali hapo, hata maua yajae namna gani. Ndiyo maana mtu anayeanza kwa kupenda mabawa yenye rangi, mapenzi yake yakikolea, huishia kujifunza majina ya miti.

Dumila ni mahali pazuri pa kuanzia somo hilo. Mji huu wa Wilaya ya Kilosa, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, uko bondeni kando ya Mto Mkundi. Magharibi yake iko milima ya Ukaguru, kaskazini iko Nguru, na kusini mashariki, nyuma ya mji wa Morogoro, imesimama Uluguru. Vipepeo wa nyika na wa misitu ya milimani hawako mbali sana, ingawa ni nadra kukutana.

Wa bondeni ni rahisi kuwaona. Mwenye mlimao au mchungwa uani amekwisha kumlisha Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiwavi wake mchanga anafanana na kinyesi cha ndege, hila inayomwepusha na midomo ya ndege wenyewe. Akikua hugeuka kijani, na akiguswa huchomoza pembe laini yenye harufu kali. Mwingine ni Danaus chrysippus, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi za mabawa. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na kujiwekea sumu yake mwilini, kwa hiyo ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, amevaa karibu sare ileile na kufaidi sifa mbaya ya mwenzake. Kando ya mito, kwenye tope, madume ya spishi mbalimbali hukusanyika kunyonya chumvichumvi wasizozipata kwenye maua.

Milimani mambo hubadilika. Uluguru, Nguru na Ukaguru ni sehemu ya safu kongwe ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa na Mahenge. Upepo wa Bahari ya Hindi umeilowesha misitu hiyo kwa mamilioni ya miaka, na kila mlima umebaki kama kisiwa kilichozungukwa na nyika kavu. Kipepeo wa msitu wenye kivuli havuki bonde la jua kali. Hubaki kwake, na vizazi vyake hujitenga polepole hadi kuwa spishi au nususpishi ya pekee. Kitabu cha Mnorwei Jan Kielland kuhusu vipepeo wa Tanzania, kilichotoka mwaka 1990, kilionyesha jinsi misitu hii ilivyo tajiri. Baadhi ya wakazi wake hawajali maua kabisa: jamii ya Charaxes hufuata matunda yaliyooza na mavi ya wanyama, na watafiti huwanasa kwa ndizi zilizochacha.

Sehemu kubwa ya misitu ya Tao la Mashariki imekwisha kufyekwa. Uluguru ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na Mkingu, katika milima ya Nguru, mwaka 2016. Mipaka husaidia, lakini moto wa kuandaa mashamba hauisomi. Bondeni tishio ni jingine. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, dawa zimezidi kupuliziwa mahindi. Viwavijeshi ni watoto wa nondo, lakini dawa haibagui: kiwavi wa kipepeo aliyeko kwenye magugu ya mpakani hufa pamoja nao.

Wanavijiji waliokwisha kuona fedha katika vipepeo wako pwani ya Kenya na Usambara Mashariki. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wakati baadhi ya majirani walikuwa wakitaka msitu huo ugawanywe uwe mashamba. Mradi wa Amani, huko Usambara Mashariki, ulifuata mwaka 2003. Mfugaji hukamata jike, humweka kwenye kizimba cha chandarua, hulea viwavi kwa majani ya miti aliyoipanda mwenyewe, kisha huuza pupa, ambao husafirishwa kwa ndege kwenda kwenye bustani za maonyesho Ulaya na Marekani kabla vipepeo hawajatoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta wafugaji wa Amani wakishiriki zaidi kazi za kuhifadhi msitu kuliko majirani zao. Biashara ya Amani, hata hivyo, ilitegemea soko la ng'ambo na kibali cha Serikali. Usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya Tanzania ulipopigwa marufuku mwaka 2016, wafugaji hao nao waliguswa.

Dumila haihitaji soko la ng'ambo ili ianze kuwalinda vipepeo wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo ukiachwa na vichaka vyake kando ya Mkundi, utazuia mmomonyoko na kuwapa viwavi majani yasiyopuliziwa dawa. Mwenye shamba mtoni aanze na mita zake.