Agosti hii, twende kwa ayeyo

Wewe wa Eastleigh au South C, shule zikifungwa Agosti usiwaachie wazazi safari ya Garissa peke yao. Ni kama kilomita 370 kutoka Nairobi. Panda basi na wadogo zako.

Siku ya kwanza ni ya ayeyo. Ukifika Iftin, weka simu kando, kunywa chai ya maziwa ya ngamia, mwambie akuhesabie abtirsi: majina ya mababu zako, mmoja baada ya mwingine. Hayo Google haina.

Siku ya pili nendeni Bour-Algi, kusini mwa mji, mkawaone twiga. Wanategemea Mto Tana, kama watu wa hapo tu.

Siku ya tatu ni kazi. Unakumbuka mwisho wa 2023? Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, kisha Tana ikafurika, barabara ya Garissa kwenda Madogo ikakatika, familia zikahama. Sisi wa Nairobi tulituma pesa. Sawa, lakini M-Pesa haizibui mtaro. Shikeni majembe na majirani, mzibue kabla mvua za Oktoba hazijafika. Ayeyo atalala usingizi.