Darasa la Mlimani: Fito, Kamba ya Katani na Vizibo vya Soda

Ukiingia darasa la kwanza au la pili siku hizi, kuta ndizo zinazokukaribisha: irabu, wanyama wa porini, sehemu za mwili, jedwali la kuzidisha. Walimu huliita darasa linaloongea, na jitihada zao zinastahili heshima, maana wengi hununua karatasi za manila kwa fedha zao wenyewe. Mimi ninayefundisha walimu huwa nauliza swali moja tu: katika yote haya, mtoto anashika nini? Chati iliyobandikwa Januari, juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba, ikifika Machi imekwisha kuwa ukuta. Mtoto hujifunza kwa kile anachokishika, anachokipanga, anachokibomoa na kukipanga upya. Na vitu vya namna hiyo ndivyo visivyo na gharama.

Tuchukue mfano wa Kifungilo na vijiji vinavyoizunguka, huku Lushoto. Wengi nchini wanaijua Kifungilo kwa sababu ya sekondari ya wasichana iliyoanzishwa na masista. Mimi nazungumzia shule za msingi za kawaida za milima hii, zile ambazo mtoto hupanda na kushuka vilima kuzifikia. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji imehesabiwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zikatengwa kwa ajili ya vitabu. Darasa la watoto 60 kwa hiyo lina shilingi 360,000 za mwaka mzima, na humo humo mna chaki, mitihani, ukarabati na shajala za shule. Fedha hiyo ikiishia kwenye karatasi za rangi, hakuna kinachobaki. Milima nayo ina neno lake: ukungu na manyunyu ya Juni na Julai huilegeza manila hadi ikajikunja na kuanguka yenyewe.

Anza na fito. Mikaratusi imejaa huku, na matawi yake membamba yakikatwa kwa urefu wa kidole yanatoa vijiti vilivyonyooka, vya unene wa kalamu. Chini ya milima, kuanzia Mombo kwenda Korogwe, kuna mashamba ya mkonge, kwa hiyo kamba ya katani si kitu cha kuhangaikia. Watoto wafunge vijiti kumi kumi. Kila kundi la watoto watano liwe na mafungu tisa na vijiti kumi vya peke yake.

Sasa waambie watoe 17 kutoka 42. Mtoto aliyefundishwa kwa ubao peke yake mara nyingi ataandika 35. Ameona 2 na 7 katika mamoja, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5. Kwenye makumi akatoa 1 katika 4, akapata 3. Mbele ya macho yake hesabu imekamilika, na alama ya kosa utakayomwekea haimwelezi kitu. Mpe vijiti. Ana mafungu manne na vijiti viwili. Anatakiwa kutoa vijiti saba, anavyo viwili tu. Hapo mwalimu anyamaze. Mtoto ataangalia mafungu, atamwangalia mwenzake, kisha mmoja wao atauliza kama wanaruhusiwa kufungua kamba. Wakifungua fungu moja, wana vijiti kumi na viwili. Wanatoa saba, vinabaki vitano. Mafungu yamebaki matatu, wanaondoa moja, yanabaki mawili. Ishirini na tano. Kile tunachokiita kukopa, ambacho kimewatesa watoto wengi kwa sababu hawaoni nani amemkopesha nani, sasa kimefanyika mikononi mwao. Waache warudie siku kadhaa kabla hawajarudi kwenye daftari.

Pengine utasema mahindi na maharage yangefaa zaidi, yako kila nyumba. Kwa Lushoto nasema hapana. Nafaka inayolala darasani huita panya, na wilaya hii inaijua tauni: ilianza kuripotiwa mwaka 1980 na kusumbua vijiji hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ugonjwa huo husambazwa na viroboto wa panya. Kwa sababu hiyo hiyo siyapendi matakia ya kukalia yaliyojazwa maganda ya mahindi, ingawa najua sakafu ya saruji ni baridi kali. Jamvi linaloanikwa juani kila wiki ni salama zaidi.

Kwa kusoma, kusanya vizibo vya soda. Vigongwe kwa nyundo hadi kingo zake zilale bapa, maana zinakata, kisha viandikwe herufi kwa maka peni. Usigawe idadi sawa kwa kila herufi. Kiswahili kinakula irabu, na a kuliko zote, kwa hiyo a ziwe nyingi. Watoto wakishazijua sauti, waunde majina ya vitu wanavyoviona sokoni: kabichi, karoti, viazi, tufaha. Aliyekosea hafuti, anasogeza kizibo. Mtoto mwoga anayeogopa kuchafua daftari hapa hujaribu mara tano bila aibu.

Maandishi ya ukutani nayo yana mahali pake, ila yaandikwe kwenye viroba. Kiroba cha mbolea hakifai. Cha unga au sukari, kikifuliwa na kupasuliwa, huandikika pande zote mbili, hakiogopi unyevu, hutundikwa kwenye kamba usawa wa macho ya mtoto, na hushushwa watoto wakae nacho mezani. Mada ikiisha, kinakunjwa kisubiri mwaka ujao.

Ubao ukififia, kuna mazoea ya kupasua betri kuukuu za redio na kupaka ule unga mweusi. Yaachwe kabisa. Unga ule una manganizi na kemikali nyingine zisizofaa kwa mikono ya watoto wala kwa mapafu yao. Mkaa uliotwangwa na kuchekechwa vizuri, ukachanganywa na uji mwepesi wa muhogo, unafanya kazi ile ile.

Wanaodhani haya ni ya kimaskini wamkumbuke mwalimu Mwitaliano Maria Montessori. Nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Roma, na msingi wake ulikuwa huu: zana ishikike, iwe kwenye rafu fupi, mtoto aichukue na kuirudisha mwenyewe. Lushoto inaifahamu njia hiyo, kwani masista wamewaandaa walimu wa awali kwayo huku huku. Zana zake za dukani ni ghali, lakini seremala wa kijijini, akiletewa mchoro na vipimo, huzitengeneza kwa masalio ya mbao ambayo yangeishia jikoni. Kamati ya shule imwombe huyo kabla ya kuchangisha wazazi fedha. Msasa upitishwe sawasawa, mabanzi yasiwachome watoto.

Linalobaki ni utunzaji, ambapo zana nyingi hufia. Usizifungie ofisini kwa mwalimu mkuu. Ziwekwe darasani, kila kundi na boksi lake, na kipindi kikikaribia kwisha watoto wenyewe wahesabu vijiti, wafunge kumi kumi, waandike kwenye karatasi iliyobandikwa kifunikoni mafungu yamekuwa mangapi na vimezidi vingapi. Vikipungua vitatu, kundi litajua ni vingapi vya kukata kesho.