Yowe la Moto: Historia ya Zimamoto ya Kijiji

Mjini Dodoma au Singida moto ukizuka watu hupiga simu namba 114, nalo gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huja. Jeshi hilo limeundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Lakini familia nyingi za parokia zetu haziishi mjini. Zinaishi vigangoni, mbali na barabara ya lami, mahali ambapo gari hilo hata likija mbio litakuta majivu. Huko wazimaji ni majirani. Hawana sare, hawana mshahara, na kengele yao ni yowe. Historia yao ni ndefu kuliko ya jeshi lenyewe, na kwa kuwa wao ndio wanaofika kwanza kwa aliyeungua, ni habari ya ukurasa huu wa afya.

Tuanze na nyumba. Wagogo na majirani zao wa nchi hii kavu walijenga tembe: kuta za miti iliyokandikwa udongo, na juu boriti, fito na tabaka nene la udongo, paa bapa. Wageni waliidharau wakaiona kama kichuguu. Hawakuona sifa yake moja kubwa: cheche inayorushwa na upepo wa Septemba haipati nyasi za kushika. Tena kaya zilikaa mbalimbali, kila mtu na shamba lake na zizi lake, kwa hiyo moto wa kwa huyu haukuvuka kwa urahisi hadi kwa yule. Kilichoogopwa zaidi ni moto wa porini, ule unaokula malisho ng'ombe wakabaki kulamba vumbi mpaka mvua za Desemba. Ukionekana, yowe lilipigwa, na kila mwenye nguvu alitoka na tawi bichi mkononi.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Watu wakatolewa kwenye makazi yaliyotawanyika wakaingizwa katika vijiji vya ujamaa ili wapate shule, zahanati na kisima. Kwa upande wa moto, nyumba zilikaribiana, na penye mapaa ya nyasi moto wa jiko moja ukawa shida ya mtaa mzima. Kwa upande mwingine, yowe sasa lilikuwa na wenyewe: balozi wa nyumba kumi anajulikana, mgambo wanajulikana. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikakipa kijiji serikali yake, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ikakiwezesha kutunga sheria ndogo. Ndipo vijiji vilipoweza kuandika: achomaye shamba bila taarifa atalipa faini.

Kuandika ni jambo moja na kuzima ni jambo jingine. Mfano mzuri wa kuzima uko kwa jirani zetu wa Singida, katika msitu wa Mgori. Msitu ule ni mkubwa, zaidi ya hekta 40,000, na ulikuwa ukiliwa na moto, mashamba ya kuhamahama na misumeno ya wapasua mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilifikiria kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji hawakupenda kufukuzwa katika msitu unaowapa asali, dawa na kuni. Baada ya majadiliano marefu, ambayo mradi uliosaidiwa na Sweden uliyashiriki, ikaamuliwa mwaka 1995 kwamba vijiji vitano vinavyouzunguka viutunze vyenyewe. Kila kijiji kiliwekewa mpaka wa sehemu yake, kikatunga kanuni na kuchagua walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake. Misitu ya Duru-Haitemba huko Babati ilikuwa imetangulia njia hiyo hiyo mwaka mmoja hivi kabla.

Walinzi wa namna hiyo hawakulipwa mshahara. Asante yao ilikuwa kusamehewa kazi nyingine za kijiji na kupata sehemu ya faini. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililowafanya wadumu, kwa sababu kijana anayelala porini usiku hawezi kuambiwa kesho yake akachimbe mtaro wa shule. Kuna pia sababu nyingine: mtu huzima kwa moyo kilicho chake. Msitu ulipokuwa wa serikali, moto nao ulikuwa wa serikali. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliikubali njia hiyo kwa nchi nzima.

Kazi yenyewe haihitaji vyombo vya gharama. Nyasi hufyekwa mapema kuacha ukanda mtupu ambao moto hauruki, ndiyo inayoitwa barabara ya moto. Moto mdogo hupigwa kwa matawi mabichi na kufukiwa mchanga. Mzimaji hukaa upande unakotoka upepo, hapandi mlima moto ukiwa chini yake, wala haendi peke yake. Moto wa mafuta ya taa au petroli haumwagiwi maji, maana mafuta huelea na kuusambaza. Hufunikwa kwa mchanga au blanketi lililolowa. Na moshi unaua kabla ya moto: aliye ndani ya nyumba atambae chini, ambako hewa ni safi kidogo.

Kuna yowe moja lisilofaa kukimbiliwa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Malori kama hayo hupita kila siku katika barabara ya Dodoma kwenda Singida. Mzimaji wa kijiji akiliona limelala, kazi yake ni kuwarudisha watu nyuma, mbali kabisa, hata wakimtukana.

Sasa tuje jikoni, maana wengi wanaoletwa zahanati hawakuunguzwa na moto wa porini. Ni watoto wadogo waliovuta sufuria ya uji kutoka kwenye mafiga, au wasichana ambao kitenge chao kilishika moto wakiota asubuhi za baridi za Juni na Julai. Ni kibatari kilichoangushwa. Ni mgonjwa wa kifafa aliyeangukia motoni.

Kwa wote hao dawa ya kwanza ni maji. Nguo inayowaka, mlaze chini umviringishe au umfunike blanketi. Kisha poza sehemu iliyoungua kwa maji safi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Najua msomaji wa Mpwapwa au Manyoni atauliza maji hayo yatoke wapi, ikiwa ndoo moja imemchukua mama nusu siku. Mimina kidogo kidogo kwa kata, au lowesha kitambaa safi na kukibadilisha mara kwa mara. Hata kama saa moja au mbili zimepita, kupoza bado kunasaidia. Mtoto mdogo mfunike sehemu nyingine za mwili asishikwe na baridi. Vua bangili, pete na shanga kabla ya uvimbe, lakini nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi, usipasue malengelenge.

Usipake kitu. Dawa ya meno, majivu, samli, yai, unga, kinyesi cha ng'ombe: vyote hivi hushika joto ndani au huingiza vijidudu, na mganga wa zahanati hulazimika kuvikwangua mtoto akilia. Kuhusu asali, ambayo wenzetu wa Singida na Manyoni wanaiamini, ni kweli hospitali hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwa vidonda. Ya kwenye kibuyu si hiyo.

Mpeleke zahanati au hospitali bila kungoja kesho ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri. Ikiwa ni mtoto mdogo. Au ikiwa alivuta moshi na sasa anakohoa, sauti imekauka, au vinyweleo vya pua vimeungua. Huyo wa moshi anaweza kuonekana mzima kisha akazidiwa usiku. Njiani, kama ana fahamu, mnyweshe maji kidogo kidogo, yenye chumvi ya ORS ikiwapo. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda. Baadaye kidonda kikipona, nyoosha kiungo kila siku kama ulivyofundishwa, maana kovu huvuta, na mtoto aliyeachwa akiukunja mkono atabaki nao umekunjamana.

Kuhusu kifafa lazima niseme wazi. Wapo watu waliosimama na kutazama mwenzao akiungua kwa kuamini kuwa mate yake, au kumgusa tu, kutawaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kugusa, wala kwa pumzi. Mvute kutoka motoni mara moja, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Kisha familia yake isaidiwe apate vidonge kliniki, na jiko lake liinuliwe kutoka chini.

Ndugu zetu wa Austria na Ujerumani wana vikosi vya kujitolea karibu kila kijiji, seremala na wakulima wanaoacha kazi king'ora kikilia. Msimamizi wao ni Mtakatifu Floriani, askari Mrumi aliyetoswa mtoni kwa ajili ya imani mwaka 304. Sikukuu yake ni tarehe 4 Mei, wakati ambao kwetu mvua zimekwisha na nyasi zinaanza kukauka. Jumuiya ndogo ndogo inayotaka kuanza isitafute siku nyingine. Siku hiyo VIWAWA wafyeke kuzunguka nyumba za wazee na wajane, kanisa la kigango na ghala la chakula. WAWATA wapite nyumba kwa nyumba kuangalia mafiga na vibatari. Jumuiya ikubaliane yowe la moto litofautiane vipi na yowe la fisi au la mwizi, kwa mfano debe au kengele ya kigango kupigwa mfululizo, na nani mwenye baiskeli au pikipiki atampeleka majeruhi. Kila nyumba iweke kando ndoo moja ya maji yenye mfuniko na ndoo moja ya mchanga. Ile ya maji itumike jioni na kujazwa upya, isije ikaota viluwiluwi vya mbu.